Maji ya Iyunga na Karatasi ya Ng'ambo

Nakumbuka Jumatatu moja ya baridi kali pale Iyunga, mwanangu, maji yalipokataa kutii karatasi. Jana ulinipigia simu kutoka Idodi ukaniuliza, "Mama mkubwa, sasa waandike namba ipi?" Nikakuambia nitakujibu kesho, nawe ukadhani uzee umenichosha. Sikuchoka. Swali lako lilinirudisha mbali, nikataka nikae nalo kwanza.

Nilikuwa mwalimu kijana kama wewe, kwenye sekondari isiyo na maabara. Tulikuwa na chaki, thamomita moja tuliyoitunza kama yai, na wanafunzi wenye njaa ya kujua. Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imefika Mbeya mjini. Ninyi leo mnapakua masomo ya bure mkiwa mmejilaza kitandani. Sisi tulipanda gari Jumamosi, tukapanga foleni kafe ya intaneti, kisha tukakaa mbele ya kompyuta inayojikokota mpaka usingizi unakushika. Lakini penye nia pana njia. Siku hiyo nikapata somo la kuchemsha maji, la bure kabisa, limeandaliwa na walimu wa ng'ambo nisiowajua, lina picha na maswali. Nilifurahi, nikaimba njia nzima kurudi nyumbani. Mwenye kafe aliniuliza kama aprinti na ukurasa wa pili. Niliuona una maneno matupu, hauna hata picha moja, na kuprinti kulikuwa ghali, nikamwambia aache. Ukurasa huo usiusahau, nitaurudia.

Jumatatu tukawasha jiko la mkaa nje ya darasa, tukabandika sufuria. Karatasi ilisema maji yakichemka thamomita itasoma mia. Maji yakatokota, thamomita ikasimama kwenye tisini na nne. Wanafunzi wakapuliza moto. Wakaongeza mkaa. Maji yakaruka mpaka nje ya sufuria, thamomita ikabaki palepale. Basi darasa zima likaandika mia! Wameona tisini na nne kwa macho yao wenyewe, wameandika mia, kwa sababu karatasi imetoka intaneti, tena kwa Wazungu. Mmoja tu, binti mwembamba aitwaye Atupele, ndiye aliyeandika tisini na nne. Wenzake wakamcheka. "We Atu, umeishinda kompyuta?" Machozi yakamlenga. Akanitazama, kifutio kiko mkononi, anangoja niseme neno moja.

Nilisita, mwanangu. Mtihani wa taifa nao ulitaka mia. Wakiandika tisini na nne wakakosa, wazazi wao nitawaambia nini? Na nikisema mia, binti huyu ataondoka hapa akijua kwamba macho yake hayana kazi, na sayansi ataiaga siku hiyohiyo. Nilimpenda mtoto yule kwa ubishi wake, ndiyo maana iliniuma.

Mkuu wetu wa shule, mzee Kikoti, Mhehe wa Iringa aliyekuwa karibu kustaafu, akatokea. "Kamwene," akatusalimu kama kawaida yake. Akachungulia sufuria, akasoma thamomita, akaisoma na karatasi yangu, hana haraka. Kisha akamwambia Atupele, "Usifute." Hakuwa na tabia ya kumsema mwalimu mbele ya wanafunzi. Akaniita pembeni, kwenye mikaratusi.

"Mwalimu, karatasi hii ni mgeni," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umefanya vizuri kumleta. Ila mgeni hajui njia za hapa kwetu. Wewe mwenyeji ukinyamaza, nani atamwelekeza?"

Nikajitetea. Nikasema labda thamomita imeharibika. Nikasema basi, kama masomo ya bure ndiyo haya, nitarudi kwenye chaki yangu.

"Hapo sasa utanikasirisha. Wewe unajua kumeza na kutema tu, kutafuna hujui? Mtihani ukiwauliza, watajibu mia na watasema hiyo mia ni ya wapi. Kazi yako ni kutafuta ni ya wapi."

Yaliniingia. Jumamosi nikarudi kafe, nikalifungua somo lilelile, na jibu nikalikuta kwenye ukurasa wa pili niliouacha. Maji huchemka kwenye mia ukiwa usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka kabla ya kufika mia. Na sisi Iyunga tuko juu milimani! Wale walimu wa ng'ambo walikuwa wamesema kweli, na sufuria yetu pia.

Nilipowasomea darasani, Atupele akadakia, "Kumbe ndo maana shangazi akija toka Rujewa kule bondeni anasema maharage ya huku hayaivi!" Darasa likaangua kicheko, safari hii pamoja naye. Likizo ilipofika alikwenda Rujewa kwa shangazi yake huyo, na mzee Kikoti akamruhusu aibebe thamomita. Nilikaa roho juu likizo nzima. Akairudisha salama, pamoja na jibu: kule Rujewa, chini Usangu, maji yalipochemka thamomita ilipita tisini na sita. Aliliandika ubaoni mwenyewe, kwa tarakimu kubwa, na hakuna aliyecheka.

Sasa nakujibu wewe. Video uliyopakua imesema mia, watoto wako wa Idodi wameona tisini na saba, nawe unataka kufuta namba moja. Usifute chochote. Masomo ya bure yachukue yote, ya sayansi, ya hisabati, ya jiografia, usione haya, maana yaliwekwa ili uyachukue. Lakini kabla hujaingia darasani lisome somo mpaka mwisho, hata pale pasipo na picha, kisha ulijaribu kwa moto wako na maji yako. Likigongana na ulichokiona, usilikimbie, hapo ndipo fundisho lilipo. Na wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Simu hiyohiyo unayopakulia, washa kamera yake, rekodi sufuria yenu na watoto wako wakiisoma thamomita kwa Kiswahili chao, mseme hapa ni Idodi, kisha video hiyo muipandishe mtandaoni bure. Kuna mwalimu mahali fulani hana maabara, anatafuta usiku huu kama nilivyotafuta mimi.

Mungu akuongoze, mwanangu. Moto wako ukawake vizuri, thamomita yako isivunjike, na kila mtoto anayepita mikononi mwako atoke akiyaamini macho yake. Waambie waandike walichokiona.