Kipa wa Timu ya Nairobi

Mimi ni askari wa mlango katika uwanja wa barafu, hapa Dubai, na koti zito nalivaa kazini tu. Kwenye mashindano haya ya kimataifa ya magongo ya vijana, timu zote hupita kwangu, ila macho yangu yamemganda kipa wa Nairobi. Ni msichana mwembamba, kinga zake za miguu pana kuliko yeye. Kabla ya kila shambulio hugonga nguzo ya kushoto, kisha ya kulia, kama mtu anayehakikisha nyumba imefungwa. Akifungwa hamngoji refa. Huinama, hukitoa mwenyewe wavuni kile kisahani cheusi cha mpira wanachochezea, hukipangusa kwa glavu na kumkabidhi refa huku akimtazama usoni.

Leo walifungwa hadi nikaacha kutazama ubao. Kocha akampungia mkono atoke, kipa wa akiba aingie.

"Bado, kocha!"

Sauti yenyewe nyembamba, lakini kocha aliushusha mkono. Wapinzani wakaja tena, wakapiga, na king'ora cha mwisho kikalia kisahani kikiwa ndani ya glavu yake. Refa akanyoosha mkono kukipokea. Kipa akakaza kiganja, akateleza hadi mlangoni kwangu.

"Anko, nifungulie," akasema akihema. "Hiki hakikuingia."