Mteremko wa Moshono

Niliahidiwa kazi ya kuendesha pikapu ya ndizi, mradi niwe na leseni ya gari kabla ya Jumatatu. Miaka yote nilikuwa dereva wa bodaboda Sombetini. Siku ya mtihani trafiki alikaa kushoto kwangu, mwalimu wangu nyuma. Tulipoanza kuteremka Moshono, mkono ukazima injini wenyewe. Sisi wa boda hufanya hivyo kila mteremko, mafuta yasiungue bure. Usukani ukawa mzito, breki ngumu kama jiwe. Trafiki akavuta breki ya mkono, tukasimama ukingoni mwa mtaro.

"Umezima gari?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Kubana mafuta."

Mwalimu akacheka. "Mafuta yenyewe yangu, kijana. Nani alikutuma kuyahurumia?"

Trafiki hakucheka. Alisema nirudi mwezi ujao. Nilijua pikapu itapata dereva mwingine. Nikangoja uchungu uje, haukuja. Nikamuuliza mwalimu kwa nini breki huwa ngumu injini ikizimwa. Alinieleza mpaka tukafika Kijenge, nami nikasikiliza kila neno.