Kamba ya Warina Asali

Enzi zetu kule Igalula, hatukujua kama tunafundishwa. Babu alitupatia kamba ya magome iliyofungwa jiwe nchani, turushe juu ya tawi la mninga. Aliyekosa alimbeba mwenzake mgongoni hadi kisimani. Tulirudi tukinuka jasho, tukakuta ugali na uyoga wa karanga. Kumbe tulikuwa tunajifunza kupandisha mizinga ya nyuki, maana ukoo wetu ulikuwa wa warina asali.

Kaka yangu Maganga hakuwahi kumbeba mtu. Alirusha akiwa amefumba macho, kisha akatucheka: "Nyie mtakuwa punda mpaka mwisho."

Baba alikuwa na shule nyingine. Jioni alituketisha nyuma ya nyumba tujifunze fundo la kamba ambayo mrina hujifunga nayo kiunoni na kwenye shina akiwa juu ya mti. "Funga. Fungua. Funga tena." Vidole viliwaka, usingizi ukatuelemea. Maganga alinung'unika, "Baba, hii kamba sasa inanijua hadi jina." Babu akamtetea: "Mwache mtoto. Mkono hujifunza ukicheka." Baba akaikunja kamba, somo likaishia hapo. Nani angebishana na mzazi wake mbele ya watoto?

Hivyo msimu wa asali ulipofika, Maganga alichukuliwa porini kabla fundo halijamkaa mkononi. Alipanda haraka kuliko watu wazima. Nyuki walipomvamia, akaachia mikono yote miwili ajikinge uso, akiitegemea kamba. Fundo likateleza.

Wakamrudisha kwenye machela ya matawi, wamefunika uso wake kwa shati la baba. Baba hakumlaumu babu, wala babu hakujitetea. Waliacha tu kula sinia moja. Tangu hapo hakuna wa nyumba yetu aliyekwenda kurina.

Siku hizi wanangu hapa Tabora mjini hawarushi jiwe, wala hawarudii kitu. Wanatazama video mara moja kwenye simu, wanasema, "Baba, hiyo tumeshaelewa." Nacheka nao, halafu moyo unaingia baridi. Sisi tulicheza sana, tukarudia kidogo. Wao hata hicho kidogo wanakiona adhabu.

Juzi mdogo wao aliniuliza kwa nini sisi, ukoo wa warina, tunanunua asali sokoni kama wageni. Nikamwambia msitu umesogea mbali.