Mzee wa Kwenye Insha

Leo nimesomewa maisha yangu mbele ya darasa zima!

Nafundisha Kiswahili Kidato cha Pili, Murangi. Niliwaambia waandike insha ya mtu mpweke, ila neno "mpweke" lisionekane kabisa. Mhusika ajulikane kwa matendo yake.

Nyangeta, binti wa jirani yangu, akasimama kusoma.

"Kila jioni mzee hutoa ugali na samaki nje, karibu na njia. Huweka maji ya kunawa. Hutazama huku na huku. Kisha hunawa peke yake."

Darasa zima likanigeukia.

Jamani, mimi nimekulia kijiji cha ujamaa! Nyumba mstari mmoja, na wanaume wote tulikuwaga tunakula nje. Mpita njia ananawa, anakaa. Anayejifungia ndani na chakula tunamwita mchoyo.

Nikajikaza. "Vizuri sana, Nyangeta. Mwisho wake je?"

"Hauna mwisho, mwalimu. Kesho yake unatoa tena."

Sasa hivi ugali uko nje, na maji nimeshaweka.

Nyie mnaokulaga ndani, niambieni ukweli: niuingize?