Karatasi Niliyomsomea Babu

Ndugu mhariri, naomba jina langu ulifiche, na la kijiji pia. Sema tu ni upande wa Nangwa. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, bweni, Mbulu mjini. Si msemaji. Hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nainamisha kichwa. Ndiyo maana naandika.

Baba, mama na mimi tunaishi kwa babu, mzaa baba, na yeye ndiye aliyenilea. Hajui kusoma na macho yake yana ukungu, lakini anajulikana kote huku kwa zeze lake. Wiki ile tuliyohamishwa mlimani kuja kijiji cha ujamaa, bibi alifariki. Babu akamtungia wimbo. Humo anamwita bibi kwa jina lake la usichana, anamwambia asiogope, nyumba tumeiacha lakini jiko bado lina joto. Akiuimba, hata watoto walikuwa wananyamaza.

Mwaka jana nikiwa likizo alikuja bwana mmoja wa kampuni ya santuri, na gari na mashine ya kunasa sauti. Babu akaimba mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamejaa. Alipomaliza, yule bwana akatoa karatasi ya Kiingereza, imeandikwa mbele na nyuma. Akauliza, "Nani atamsomea mzee?" Wote wakanigeukia. Baba akanisukuma mbele. Mama jirani akacheka, "Soma basi, au huko Mbulu mnafundishwa kukoroga uji tu?"

Ndugu wasomaji, sikuielewa. Nililijua neno la wimbo, la jina na la milele. Mengine yalikuwa marefu, sijawahi kukutana nayo kwenye kitabu chochote. Ningesema sijui, dunia isingeanguka. Lakini niliona macho ya baba, nikaona aibu. Nikapitisha kidole kwenye mistari kama mwalimu wetu anavyofanya, nikamwambia babu kwa Kiiraqw, "Wanashukuru. Wimbo unabaki wako, na jina lako litaandikwa juu ya sahani ya santuri."

"Ndivyo inavyosema?"

"Ndivyo, babu."

Akaweka dole gumba.

Wimbo ulirudi kwa redio ya duka la ushirika. Umewekwa magitaa na tarumbeta, na mtangazaji akamtaja mtunzi, mkuu wa bendi ambaye hatujawahi kumwona. Maneno yamegeuzwa Kiswahili. Bibi yangu amekuwa kipusa wa mjini anayeringa kucheza dansi. Jina lake tu ndilo wameliacha. Vijana dukani wakalidaka, wakawa wanaliita na kukata viuno. Babu alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi. Akaniuliza, "Mbona wanacheka?"

Halafu wilaya ikaalika vikundi vya ngoma, na babu akaandikwa. Kabla ya siku hiyo mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani na barua. Kampuni inasema wimbo ni mali yake, mtu yeyote haruhusiwi kuuimba hadharani bila kibali, hata babu.

"Mzee, mimi mwenyewe sipendi," mwenyekiti alisema. "Lakini dole lako lipo pale."

"Dole ni langu," babu akajibu. "Maneno siyo yale niliyosomewa."

Nikampeleka mahakamani Mbulu, namshika mkono. Nikamwamkia karani shikamoo, naye akamwamkia babu. Alisikiliza vizuri, akasema karatasi ikishawekwa dole ni ngumu kuivunja. "Ila kama mzee hukusomewa sawasawa, hilo ni jambo jingine. Nani alikusomea?"

Babu akaniwekea mkono begani. "Huyu mjukuu wangu. Yuko sekondari. Huyu hakosei."

Karani akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu. Hapo ndipo ningesema, wasomaji, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Babu akasema twende, basi litatuacha.

Sasa babu ameamua kwamba yule bwana alibadilisha karatasi. Amewaita wazee. Mahindi yakishavunwa watakaa, naye atatoa laana, ile tunayoiita lo'o, imshukie aliyedanganya juu ya karatasi ile, yeye na nyumba yake. Laana hiyo haitajiwi jina. Inamtafuta mwenyewe mwenye kosa. Nyumba yangu ni nyumba ya babu, na mama yangu ni mjamzito, miezi saba. Tena babu ameniambia mimi ndiye nitakayesimama kando yake niwaeleze wazee karatasi ilisemaje.

Mwalimu wa dini shuleni nilimuuliza kama kwa utani tu. Akasema laana haimpati aliyebatizwa. Lakini yeye ametoka Singida, na hajamwona babu akikasirika.

Nikisema ukweli, huenda wimbo ukarudi. Lakini baba ataona nilimwaibisha mbele ya kijiji kizima, na shule nadhani ndiyo basi. Na babu atajua. Hilo ndilo linaloninyima chakula. Sasa niko nyumbani likizo, na siku hizi anapiga zeze bila kufungua mdomo. Jana alifika pale penye jina la bibi, akasimamisha upinde, akasubiri kidogo, ndipo akaendelea.

Nishaurini mapema, mahindi yameanza kukauka. Na kuna jambo moja zaidi. Gazeti hili likifika kijijini, mimi ndiye humsomea babu, na ukurasa huu anaupenda kuliko yote, hataki niruke hata mstari. Nikiifikia barua hii, niisome yote?