Mnadi Aliyenadi Koo Lake

Pale mnadani walimwita Spika, na jina la kuzaliwa lilishasahaulika. Alisimama juu ya meza ya mbao, akainua shati kuukuu kwa vidole viwili utadhani la bwana harusi, na sauti yake ikavuka soko zima. Kipaza sauti alikiona kitu cha wavivu. Shati likiwa na tobo mgongoni, yeye alionyesha kola. Wanunuzi walimjua, wakampenda hivyohivyo.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Kwanza asubuhi tu, baadaye kutwa nzima, mwisho ikawa mnong'ono. Alitafuna tangawizi, akabugia asali, akalaumu vumbi. Miezi ikapita. Siku moja alimwita mkewe kutoka uani, na mkewe, aliyekuwa akishona mlangoni, hakugeuka. Hapo Spika aliogopa kweli. Mnadi bila sauti si mnadi, na yeye kazi nyingine hakuijua.

Akaenda kituo cha afya peke yake. Daktari alikuwa kijana, na benchi la nje lilikuwa limejaa.

"Unajisikiaje, mzee?"

"Niko fiti, daktari! Koo limekwaruza kidogo tu. Chakula kinapita, usingizi upo. Koo la kijana hili!"

Hapo ndipo alipojichongea. Mazoea yana tabu: mtu aliyesifia bidhaa maisha yake yote alikuwa ameketi mbele ya daktari akilinadi koo lake mwenyewe. Daktari naye akaamini, akaandika rufaa ya kawaida kwa bingwa wa koo katika hospitali ya umma. Hospitali ikampa miadi ya mbali, mbali mno, upande wa pili wa mwaka.

Nyumbani, shemeji yake alishika kiuno. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, fundi magari, na hakuna jambo duniani asilokuwa na jibu lake.

"Shemeji, foleni hiyo utazikwa nayo! Uza kile kiwanja twende hospitali binafsi. Kule ndiko kuna mabingwa wenyewe. Nimeona picha ya mmoja kwenye bango, mama wa miwani. Huku kwa umma wanabahatisha tu."

Spika akatikisa kichwa kukubali. Mkewe akakata uzi kwa meno.

"Hakiuzwi kitu leo," alisema. "Kwanza turudi kwa aliyeandika hiyo rufaa. Anieleze kwa nini mtu asiyeweza hata kufukuza kuku amewekwa mwisho."

Kesho yake mume na mke wakaingia kwa daktari. Mama hakungoja kuulizwa.

"Daktari, mume wangu hana sauti tangu kabla ya mvua. Mkate unamkwama. Juzi kakohoa damu kwenye leso, akaificha chini ya godoro. Mimi ndiye ninayetandika kitanda."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee, mbona uliniambia uko fiti?"

"Mazoea," Spika akanong'ona, macho sakafuni.

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," mkewe akasema. Sauti ilimtetemeka, kwa maana kifo chenyewe ndicho alichokuwa akikifikiria usiku kucha. Kisha akaeleza jinsi kaka yake anavyowataka wauze kiwanja waende hospitali binafsi.

Daktari akawasogezea kiti. "Sikilizeni, wazazi wangu. Hospitali binafsi unalipia kuonwa mapema na kumchagua atakayekuona. Hospitali ya umma foleni inapangwa na ugonjwa: aliyezidiwa anatangulia. Lakini bingwa hajakuona bado, anasoma nilichoandika mimi. Na mimi niliandika ulichoniambia wewe. Mkitaka kwenda binafsi nitawaandikia pia, hamkatazwi, na mkikwama huko mlango wa huku haufungwi. Ila kwa haya niliyosikia leo, huna haja ya kuuza chochote. Nakuandikia rufaa ya haraka."

Wiki ileile wakaitwa. Shemeji akawasindikiza, akiguna ukumbi mzima kwamba wanapoteza muda. Mlango ulipofunguliwa akakuta mama wa miwani, yule wa kwenye bango.

"Daktari... si wewe uko kule binafsi?"

"Jioni niko kule, asubuhi niko hapa," bingwa alijibu, akivaa glavu. "Koo la mtu halibadiliki kwa kuvuka barabara."

Shemeji alikumbuka ghafla kwamba kuna gari linamngoja gereji.

Kamera nyembamba ilipitishwa puani, na kwenye kamba ya sauti kukaonekana uvimbe. Uliondolewa siku chache baadaye. Maabara ikasema ulikuwa umeanza kugeuka saratani, lakini umetoka wote, haukuacha mzizi. "Ungengoja ile miadi ya kwanza," bingwa alisema taratibu, "leo tungekuwa na mazungumzo mengine." Mama akamshika mumewe mkono, hakuuachia mpaka nyumbani.

Akaamriwa kunyamaza kabisa mpaka kidonda kipone. Mtaa mzima ulikuja kutazama maajabu ya Spika bubu. Aliomba chai kwa vidole, akagombana kwa nyusi, na usiku alilala macho wazi, akijiuliza ikiwa kitu kitatoka siku atakapofungua mdomo.

Siku hiyo ikafika. Bingwa alichungulia koo, akaketi. "Haya, baba. Sema chochote. Kwa kawaida tu, usipige kelele."

Spika alijiweka sawa kitini. Mkewe alikuwa ukutani, mkoba kifuani. Mzee akasimama, akainua kwa mkono mmoja kiti alichokuwa amekalia, na sauti ikatoka, nene, safi, yake mwenyewe:

"Kiti cha chuma, miguu minne, mgongo imara! Nani anaanza?"

Ukumbini wagonjwa wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti kutaja bei. Bingwa akavua miwani, akafuta macho. Mama alilia waziwazi, akamfuata mumewe, akataja bei kubwa zaidi.