Joto la Udaga wa Bibi

Rafiki yangu, mwezi uliopita tulimzika bibi kule Matongo, na mimi sikulia. Wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikaa mkekani macho makavu, hadi shangazi akaniinamia: "We mtoto, si ndiye aliyekulea huyu? Una moyo wa jiwe?" Nilijitafuta ndani nikakuta kimya tu. Nikaogopa, maana kumpenda nilimpenda.

Nikaondoka kama naenda chooni, nikapita nyuma ya jiko. Hapo nikanusa ule uchachu. Udaga!

Kama hukukulia kwetu, nikwambie. Mihogo inamenywa, inaanikwa kidogo, kisha inarundikwa na kufunikwa majani ipate kuvu. Ikiwa tayari unakwangua ule weusi kwa kisu, unaanika vipande juu ya mwamba, vikikauka vinatwangwa, na huo ndio unga wa ugali uliotukuza. Kukwangua ilikuwa kazi yetu wajukuu, vidole vikinuka mpaka shuleni. Bibi hakuhesabu siku. Aliingiza mkono chini ya majani, akatulia, halafu akaita, "Njooni mshike, umepata homa!" Tulisukumana, kila mmoja akitaka kuanza.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wa sayansi aliuliza nani amewahi kuona kitu kikitoa joto bila moto. Nikataja udaga. Darasa likaangua kicheko, lakini mwalimu akasema, "Hapo hapo! Muhogo unabadilika, na badiliko hilo linatoa joto nje." Kisha akamimina mbolea ya urea kwenye kikombe cha bati chenye maji, akakoroga, akanipa nishike. Lo! Kilikuwa baridi, utadhani maji ya alfajiri. Nikasema joto limekufa.

"Halijafa," akasema mwalimu. "Badiliko jingine huvuta joto ndani. Limetoka mkononi mwako, limo humo kikombeni."

Nilikimbia kumpa bibi habari hiyo. Alisikiliza huku anakwangua, halafu akasema taratibu, "Basi na watu wako hivyo hivyo. Siku tuliyomzika mama yako, mimi sikutoa hata chozi. Walinisema sana." Nilikuwa mtoto, nikaenda zangu kucheza.

Sasa, siku ya kumzika, nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko mbele ya rundo alilolifunika bibi mwenyewe kabla hajaanguka. Katika pilikapilika za msiba hakuna aliyelikumbuka. Asubuhi ile nilikuwa nimemgusa paji la uso, baridi. Nikaingiza mkono chini ya majani. Udaga ulikuwa moto.

Nikatafuta kisu, nikakaa chini, nikaanza kukwangua. Shangazi alikuja amekasirika, akaangalia, akashika kipande kimoja mikononi muda mrefu. Kisha naye akaketi.

Siku hizi pale nyumbani unga unaletwa na bodaboda kutoka dukani, na sidhani kama kuna atakayerundika tena. Vile vipande tulivianika mwambani, vikapoa. Mimi mpaka leo sijalia, rafiki yangu. Joto limo humu ndani.